Matope Yaendayo Ziwani Huanzia Mlimani

Na Mwandishi Wetu

Askari anayepangiwa lindo katika barabara ya Taifa namba 3, ile itokayo Bujumbura kwenda Rumonge na Nyanza-Lac, huijua mvua ya Kabezi kuliko wasafiri wengi. Jioni husimama kando ya lami, Ziwa Tanganyika likiwa upande mmoja na milima upande wa pili, na maji huwa ya buluu hadi upeo wa macho. Usiku mawingu hukusanyika juu ya Mugamba. Mvua hunyesha kule juu, pengine bila tone moja kumdondokea yeye aliyeko chini. Baada ya muda husikia mngurumo wa mawe yakigongana mtoni. Kunapopambazuka huliona ziwa lina rangi mbili: buluu kwa mbali, na karibu na ufuko mshipi mpana wenye rangi ya udongo mwekundu.

Mshipi huo ndio mada ya makala haya. Ndani yake mna shamba la mtu lililohama usiku, mna ukingo wa barabara uliomomonyoka, mna uchafu wa vyoo vilivyofurika, mbolea, samadi, mifuko ya plastiki na mafuta yaliyodondoka kutoka kwenye magari. Tumezoea kudhani kwamba uchafuzi wa maji ni kazi ya viwanda, na kwamba mchafuzi ni mtu mmoja anayeweza kukamatwa akiwa na pipa mkononi. Lakini uchafu huu hauna mlango mmoja wa kutokea. Hutoka kila mahali kwa kiasi kidogo kidogo, na mvua ndiyo mchukuzi wake.

Kwa sababu hiyo ziwa haliwezi kulindwa ufukoni peke yake. Hulindwa mlimani, na kabla ya hapo hulindwa juu ya meza ya mpangaji wa makazi na mhandisi, wakati mstari wa barabara ungali wino juu ya karatasi. Watu hao wasipofundishwa kuyafuata maji tangu yanapoanguka hadi yanapoishia, amri ya polisi na nguvu za jeshi zitafika kila mara baada ya mvua, yaani baada ya madhara.

ARDHI YENYE MTEREMKO MKALI

Yafaa kwanza kuifahamu ardhi yenyewe. Anayetoka ufukoni mwa Kabezi akaelekea mashariki hupita katika nchi tatu zilizo ndani ya nchi moja. Ya kwanza ni Imbo, uwanda mwembamba wa pwani ya ziwa, ambao uko mita 770 na zaidi kutoka usawa wa bahari. Ya pili ni Mumirwa, miteremko mikali iliyokatwakatwa na vijito. Ya tatu ni Mugamba, mgongo wa milima unaoyagawa maji ya Kongo na maji ya Nile, ambako mlima Heha hupita mita 2,600. Kutoka kileleni hadi ziwani ni mwendo wa kilomita chache tu, na katika mwendo huo maji hushuka zaidi ya mita elfu moja na mia tano.

Mito ya hapa, kama vile Mugere, ni mifupi na ya haraka. Mto mrefu wa tambarare hupata nafasi ya kutua na kuuacha udongo wake njiani. Mito ya Mumirwa haina nafasi hiyo, kwani kinachong'olewa mlimani usiku huwa ziwani asubuhi. Aidha, mvua ya milimani ni nyingi kuliko ya uwanda wa Imbo, kwa hiyo mkazi wa chini hupokea maji ambayo hakuyaona yakinyesha.

Juu ya miteremko hiyo wanaishi watu wengi. Burundi ina kilomita za mraba 27,834, na kila kilomita ina wakazi zaidi ya mia nne kwa wastani. Mkulima wa Mumirwa halimi mteremko kwa ukaidi. Hulima kwa sababu hilo ndilo shamba alilorithi, na hana jingine. Mihogo, maharagwe na migomba yake ndiyo chakula cha watoto wake na cha soko la Bujumbura. Yeyote atakayezungumzia kuliokoa ziwa bila kumfikiria mkulima huyo atakuwa anazungumza hewani.

ZIWA LISILOJISAFISHA UPESI

Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita zipatazo 670 na kina kinachofikia mita 1,470. Kwa kina ni la pili duniani baada ya ziwa Baikal la Urusi. Lina takriban asilimia 17 ya maji yote matamu yasiyoganda yaliyo juu ya uso wa dunia. Nchi nne hulimiliki kwa pamoja: Burundi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Tanzania na Zambia.

Ukubwa huo umewadanganya wengi. Husemwa kuwa ziwa kubwa namna hii haliwezi kuchafuka. Ukweli ni kwamba lina mlango mmoja tu wa kutokea, nao ni mto Lukuga ulio upande wa Kongo. Sehemu kubwa ya maji yake huondoka kwa kugeuka mvuke. Mvuke hupaa ukiwa safi, na taka hubaki nyuma. Isitoshe, chini ya mita mia moja na zaidi maji hayana hewa ya oksijeni, na karibu viumbe wote huishi katika tabaka la juu na kandokando ya ufuko. Kwa hiyo sehemu yenye uhai ni nyembamba, na ndiyo hiyo hiyo ipokeayo matope kwanza.

Wataalamu wamelipima jambo hili. Mwaka 1993 Andrew Cohen na wenzake walichapisha matokeo ya uchunguzi uliolinganisha fukwe za Tanganyika ambazo miteremko yake ingali na misitu na zile ambazo miteremko yake imefyekwa. Mahali palipopokea udongo mwingi palikuwa na aina chache zaidi za samaki na viumbe wadogo. Sababu yake haihitaji darubini. Samaki wengi wa ufukoni, ambao hawapatikani mahali pengine popote duniani, hula ukoga unaoota juu ya mawe na huzaa katikati ya mawe hayo. Matope yakiyafunika mawe, meza ya chakula na kitanda cha uzazi vimefunikwa pamoja.

Afya ya watu nayo imo hatarini. Bujumbura hunywa maji ya ziwa baada ya kusafishwa na REGIDESO, na kadiri maji yanavyoingia na tope jingi ndivyo kazi ya kuyasafisha inavyozidi ugumu na gharama. Vijiji vingi vya ufukoni huyateka bila kuyasafisha kabisa. Tarehe 1 Januari 1983 haikumbukwi na mtu kwa ajili ya kipindupindu, lakini tarehe 1 Januari 2023 inakumbukwa, kwani ndiyo siku ambayo mlipuko wa ugonjwa huo ulitangazwa mjini Bujumbura. Kipindupindu hakichagui raia na askari. Kambi inayokunywa maji yaliyopita vyooni hupoteza nguvu bila risasi hata moja kufyatuliwa.

HESABU YA TONE

Hebu sasa tupige hesabu ambayo kila askari anaweza kuifanya kwa kalamu na karatasi. Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Hektari moja ina mita za mraba 10,000. Mvua kubwa ya milimita 50 ikianguka juu ya hektari moja huleta lita 500,000.

Chini ya msitu wenye majani makavu na mizizi mingi, sehemu kubwa ya maji hayo huzama ardhini, na kwa kawaida ni moja katika kumi au mbili katika kumi tu inayotiririka juu. Tukiiondoa miti, tukajenga mabati, lami na uwanja wa gwaride ulioshindiliwa, karibu sehemu tisa katika kumi hutiririka. Yaani mahali palipotoa lita 50,000 au 100,000 sasa hutoa lita 450,000. Hizo ni shehena za malori 45 ya maji, kila lori likiwa na lita 10,000, yakifunguliwa kwa pamoja juu ya mteremko mmoja.

Chukua pia barabara. Kilomita moja ya lami yenye upana wa mita saba ina mita za mraba 7,000. Mvua hiyo hiyo huiletea lita 350,000. Mhandisi akiyakusanya maji hayo yote katika mtaro mmoja na kuyatoa kwenye kalavati moja, aliye chini ya kalavati hiyo hapokei mvua bali anapokea mto mpya. Shamba lake hukatwa korongo, udongo wake huenda ziwani, na kesho yake huitwa mharibifu wa mazingira.

Tena maji hayaumizi kwa wingi tu, bali kwa kasi. Kasi ikiongezeka mara mbili, nguvu ya kugonga huongezeka mara nne. Ndiyo maana kazi ya kwanza ya anayepambana na mmomonyoko ni kuyapunguza maji mwendo. Maji yaendayo polepole hupata nafasi ya kuzama ardhini, nayo hushindwa kubeba mchanga.

YALIYOKWISHA TOKEA

Haya si maneno ya vitabuni tu. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Februari 1914 haumo katika kumbukumbu za wengi, ila usiku wa kuamkia tarehe 10 Februari 2014 hautasahaulika upesi mjini Bujumbura. Mvua kali ilishusha maji na matope kutoka milimani hadi kwenye mitaa ya kaskazini mwa mji, nyumba zikabomoka, na zaidi ya watu sitini wakapoteza maisha. Mwishoni mwa Machi 2015 mlima uliporomoka Gitaza, kusini mwa Kabezi, ukaua watu, ukafunika nyumba na kuifunga barabara ya Taifa namba 3. Barabara hiyo ndiyo inayoiunganisha Bujumbura na Rumonge. Ikikatika, mawese, samaki, wagonjwa na magari ya ulinzi husimama mahali pamoja.

Hapa hapana budi kutenganisha mambo mawili ambayo huchanganywa mara kwa mara. Katika miaka ya karibuni, na hasa mwaka 2024, kina cha ziwa kilipanda sana na kufurika makazi ya ufukoni. Wapo waliosema kuwa ni matope ya wakulima yaliyolijaza ziwa. Si kweli. Ziwa lenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 32,900 halipandi kwa udongo wa mashamba. Hupanda kwa mvua nyingi zilizonyesha katika bonde lake lote, katika nchi zote zinazolizunguka. Kosa la kumsingizia mkulima lina hatari yake, kwa kuwa aliyesingiziwa jambo moja hatasikiliza tena anapoelezwa jambo la kweli. Lililo kweli ni kwamba matope hujaza midomo ya mito na mitaro, maji ya mto hukosa njia, na mafuriko ya mahali hapo huzidi. Ziwa linapopanda nalo, vyoo vilivyochimbwa karibu na ufuko huzama na yaliyomo huelea.

AMRI BILA ELIMU

Ndugu askari, historia ya Afrika ya Mashariki ina funzo kubwa katika jambo hili, nalo lawahusu ninyi hasa, kwa kuwa ninyi ndio mnaotumwa pale neno linaposhindwa.

Katika milima ya Uluguru huko Tanganyika, serikali ya kikoloni ilianzisha mwishoni mwa miaka ya 1940 na mwanzoni mwa miaka ya 1950 mpango wa kuwalazimisha wananchi kukata matuta ya ngazi. Nia iliyotangazwa ilikuwa njema: kuzuia udongo usiende mtoni. Lakini wananchi hawakuulizwa. Katika sehemu kadhaa udongo wa juu ulikuwa mwembamba, na kukata matuta kulileta juu udongo usio na rutuba. Kazi ilikuwa nzito na mavuno hayakuongezeka. Julai 1955 ghasia zilizuka Matombo, polisi wakatumia silaha, mtu mmoja akauawa. Mpango ukaachwa. Milima ilibaki bila matuta, na wananchi wakabaki na chuki dhidi ya neno lenyewe.

Burundi ina kisa kinachofanana na hicho. Wakati wa utawala wa Wabelgiji wakulima walilazimishwa kuchimba mitaro ya kuzuia mmomonyoko. Uhuru ulipopatikana mwaka 1962, mingi ya mitaro hiyo iliachwa ikafukiwa, kwa sababu machoni pa mkulima ilikuwa alama ya kiboko na haikuwa mali yake.

Lakini kuna upande wa pili. Huko Machakos nchini Kenya, ambako mwaka 1938 Wakamba waliandamana hadi Nairobi kupinga kunyang'anywa mifugo kwa jina la kuhifadhi ardhi, wananchi wale wale baadaye walichimba wenyewe matuta yaitwayo fanya juu. Mkulima huchimba mfereji kwa kufuata usawa wa mlima, akautupa udongo upande wa juu, na tuta likajijenga mwaka hadi mwaka. Vikundi vya akina mama vilifanya sehemu kubwa ya kazi hiyo. Kati ya miaka ya 1930 na mwisho wa miaka ya 1980 idadi ya watu iliongezeka zaidi ya mara tano, na hata hivyo mmomonyoko ulipungua. Tofauti kati ya Uluguru na Machakos haikuwa wingi wa polisi. Mkulima wa Machakos aliiona faida shambani mwake mwenyewe, na njia aliyoitumia ililingana na ardhi yake.

WAPANGAJI NA WAHANDISI WAFUNDISHWE NINI

Ikiwa mkulima anahitaji kuelimishwa, basi mwenye kalamu anahitaji zaidi, kwa sababu kosa la mkulima huharibu shamba moja, na kosa la mhandisi huharibu bonde zima. Hata nchi tajiri zililigundua hilo kwa kuchelewa. Mwaka 1991 Chuo Kikuu cha Connecticut, nchini Marekani, kilianzisha programu ya kuwaelimisha viongozi na wapangaji wa miji midogo juu ya uchafu unaobebwa na maji ya mvua. Walioifundisha walitumia ramani za mahali pa wasikilizaji wenyewe, wakawaonyesha kiasi cha ardhi kilichokwisha kufunikwa na paa na lami. Uchunguzi wa wakati huo ulionyesha kuwa kijito huanza kudhoofika pale sehemu moja katika kumi ya bonde lake inapofunikwa. Kiongozi aliyeiona ramani ya kijiji chake mwenyewe alielewa upesi kuliko aliyehubiriwa.

Kwa Kabezi na ufuko wote hadi Rumonge, masomo yanayotakiwa si mengi.

Somo la kwanza ni kuichora ramani kuanzia juu. Mipaka ya utawala huchorwa na watu, na mipaka ya maji huchorwa na milima. Ardhi yote ambayo mvua yake hatimaye hutokea kwenye mto mmoja ni kitu kimoja, hata kama ina wakuu watatu. Mpangaji anayegawa viwanja Kabezi bila kuijua hali ya Mumirwa juu yake amegawa nusu ya habari.

Somo la pili ni kuyahesabu maji kabla ya kujenga. Kila mchoro wa barabara, soko, shule au kambi uoneshe maji mangapi yatatoka, kupitia wapi, na nani yuko chini yake. Swali hilo la mwisho ndilo husahauliwa.

Somo la tatu ni kuyatawanya badala ya kuyakusanya. Afadhali mitaro kumi midogo inayotoa maji kidogo kidogo penye nyasi kuliko mtaro mmoja mkubwa unaotema korongo. Pale ambapo maji lazima yapite mahali pamoja, kijengwe kizuizi cha mawe baada ya kila hatua kadhaa, na chini yake bwawa la kutuliza matope. Udongo unaotua bwawani unaweza kurudishwa shambani. Udongo uliofika ziwani haurudi.

Somo la nne ni kuyatumia mambo yanayoota. Makinga maji yaliyochimbwa kwa kufuata usawa wa mlima, yakapandwa majani ya tembo ukingoni, huzuia udongo na kulisha ng'ombe. Miti kama mgrevilea hutoa kuni na mbao bila kuifukuza mihogo. Kazi ya namna hii mkulima huilinda mwenyewe, kwa sababu inamlisha. Mpango wa taifa wa kupanda miti wa Ewe Burundi Urambaye, ulioanza mwaka 2018, ulikuwa hatua katika njia hiyo.

Somo la tano, ambalo hudharauliwa, ni matunzo. Kalavati iliyoziba ni mbaya kuliko kutokuwa na kalavati, maana watu wamejenga wakiitumaini. Mitaro isafishwe kabla ya mvua za Septemba, si baada ya nyumba ya kwanza kuanguka. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

KAMBINI NA KITUONI

Sasa tuje nyumbani. Jeshi lina wahandisi wake, lina mafundi, lina magari, na lina ardhi. Kila kambi ni mji mdogo wenye paa, barabara, jikoni, vyoo na karakana. Kabla ya kumwonyesha kidole mama anayefua mtoni, inafaa tujiulize maji ya kambi yetu yanaishia wapi.

Karakana ndiyo ya kwanza kuchunguzwa. Mafuta machafu ya injini yakimwagwa chini hayapotei. Hungoja mvua. Husemwa na wataalamu kuwa lita moja ya mafuta hayo yaweza kuharibu lita zipatazo milioni moja za maji ya kunywa. Dawa yake ni rahisi: mapipa ya kukusanyia, sakafu yenye kingo, na shimo la kunasa mafuta kabla maji hayajaingia mtaroni. Gari lisioshwe mtoni wala ziwani. Dereva wa serikali anapofanya hivyo mbele ya wananchi, huwafundisha somo ambalo hotuba kumi haziwezi kulifuta.

Mabati nayo yaweza kugeuzwa kutoka adui kuwa mhisani. Paa la mita za mraba 200 katika mvua ya milimita 50 hupokea lita 10,000. Likiwekewa michirizi na tangi, maji hayo yatafua nguo na kumwagilia bustani badala ya kuchimba korongo nyuma ya bweni. Wengi wenu mlihudumu Somalia, ambako vikosi vya Burundi viliwasili Desemba 2007, na huko mlijua lita moja ya maji ina thamani gani. Ni ajabu kuithamini ugenini na kuiacha ibomoe nyumbani.

Vyoo vijengwe mbali na kijito na mbali na mahali pafurikapo. Kiwanja cha mazoezi kiachiwe ukanda wa nyasi upande wa chini. Mambo haya hayahitaji bajeti mpya. Yanahitaji ofisa mmoja aliyefundishwa, ambaye anapewa mamlaka ya kusema kwamba mchoro huu urudishwe.

SHERIA NA HAKI

Kwa polisi jambo ni zito zaidi. Sheria ya maji ya Burundi ya mwaka 2012 imeweka ukanda wa mita 150 kutoka Ziwa Tanganyika ambao haupaswi kujengwa wala kulimwa ovyo. Sheria hiyo ni ya haki, na ufuko usio na majani ni mlango usio na komeo. Ofisi ya Burundi ya Kuhifadhi Mazingira, OBPE, ipo tangu mwaka 2014. Nchi nne za ziwa zilitia saini mkataba wa pamoja mjini Dar es Salaam tarehe 12 Juni 2003, na makao makuu ya Mamlaka ya Ziwa Tanganyika yako hapa hapa Bujumbura. Basi vyombo vipo.

Lakini fikirini hali hii. Polisi anamkuta mama mmoja amepanda mihogo mistari mitatu ndani ya ukanda wa mita 150. Anaing'oa, na sheria imetekelezwa. Hatua mia moja kutoka hapo, mdomo wa mtaro mkubwa unatema ziwani udongo wa mlima mzima, na hakuna anayeuandikia ripoti, kwa sababu mtaro hauna jina wala kitambulisho. Mama yule amejifunza nini? Amejifunza kuwa sheria huona kidogo na kupofuka mbele ya kikubwa. Siku polisi atakapohitaji msaada wake, hatampata.

Polisi aliyefundishwa angetenda vingine. Angemweleza mama sababu ya ukanda ule, na angeandika mahali ulipo mdomo wa mtaro, tarehe, na rangi ya maji, kisha akapeleka taarifa kwa wahusika. Angechunguza wachimbaji wa mchanga na mawe wanaoukata ukingo wa mto karibu na daraja. Angejua kuwa doria bora hufanywa siku ya pili baada ya mvua, wakati alama zote zingali mbichi. Katika kazi hii kalamu ya polisi ina nguvu kuliko pingu zake, maana maji hayawezi kukamatwa, ila njia yao yaweza kuandikwa.

Jumamosi asubuhi, wananchi wanapokutana kwa kazi za maendeleo, ndipo pa kuyaonyesha mambo haya kwa vitendo. Askari waliozoea kuchimba mahandaki wanaweza kuchimba makinga maji kwa ustadi ambao raia wengi hawana. Sharti ni moja: mstari wa usawa wa mlima upimwe kwanza na anayejua kuupima, na mwenye shamba awepo, aulizwe, akubali. Mfereji uliopimwa vibaya hukusanya maji mahali pamoja na kukata mlima. Bidii bila ujuzi hapa si msaada.

Msimu mwingine wa mvua utakuja kama ilivyo desturi yake. Askari yule wa lindo atasikia tena mawe yakigongana mtoni, na alfajiri ataligeukia ziwa. Mshipi mwekundu hautatoweka kwa mwaka mmoja. Lakini iwapo mpangaji ataichora ramani yake kuanzia mlimani, mhandisi akauliza nani yuko chini ya kalavati, mkulima akapata majani ya tembo badala ya amri tupu, na kambi ikayashika maji yake yenyewe, mshipi huo utapungua upana mwaka hadi mwaka. Kuupima upana wake si kazi ya wataalamu peke yao. Anayesimama pale kila alfajiri anaweza kuuona, na anaweza kuuandika katika daftari lake la zamu.